Je, Wajua? Njia za Miguu na Baiskeli Kutoka Mtaani Hadi Katikati ya Mji

Mkazi wa Kimara, Kibera au Nyamirambo akitoka kwenda sokoni, shuleni au kazini, safari yake huanza kwa miguu, na kwa wengi huishia kwa miguu vilevile. Ajabu ni kwamba michoro mingi ya mipango miji huanza na gari, na mtembeaji hutafutiwa nafasi mwishoni, ikiwa imebaki. Tumekusanya hapa mambo ambayo huenda hukuyajua kuhusu njia zinazounganisha makazi na mji: nani alizijenga, zipi zilifanikiwa, zipi zilikwama, na sababu yake ni nini.

Je, wajua kwamba Waafrika hutembea kuliko wastani wa dunia?

Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na makazi, iliyotoka mwaka 2022, ilionyesha kuwa mtu barani Afrika hutumia takriban dakika 56 kwa siku akitembea au akiendesha baiskeli kwenda kwenye shughuli zake. Wastani wa dunia ni kama dakika 44. Hawa si watu waliotoka kufanya mazoezi. Ni mama anayekwenda gulioni, mwanafunzi anayewahi kengele, fundi anayeokoa nauli ili jioni apeleke unga nyumbani.

Gharama ya kuwasahau ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani. Asilimia 23 walikuwa waenda kwa miguu, na asilimia 6 waendesha baiskeli. Yaani katika kila watu kumi waliopoteza maisha, karibu watatu hawakuwa ndani ya chombo chochote cha moto wala juu yake.

Je, wajua kwamba miji ya kale ya Waswahili ilipimwa kwa hatua za mtu?

Mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vinavyotosha watu kupishana na punda mwenye mzigo. Nyumba, msikiti, duka na pwani viko karibu kiasi kwamba mzee anafika kokote bila kupanda chombo. Kuta ndefu zilizokaribiana huleta kivuli karibu siku nzima. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao una mpango wa namna hiyo. Kwa hiyo anayedai njia ya miguu leo Mombasa au Tanga haombi kitu cha kigeni. Anadai haki ambayo babu zake walikuwa nayo.

Je, wajua kwamba waendesha baiskeli walidai barabara nzuri kabla ya wenye magari?

Chama cha waendesha baiskeli wa Marekani kilianzishwa mwaka 1880, wakati gari la petroli lilikuwa bado halijauzwa popote. Wanachama wake walichoshwa na tope na mashimo, wakapiga kampeni ya miaka mingi kutaka barabara zitengenezwe. Magari yalipokuja, yalikuta kazi imeshaanza.

Tarehe 1 Januari 1900, huko Pasadena katika jimbo la California, ilifunguliwa njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, kwa ajili ya baiskeli peke yake. Mpango wa Horace Dobbins ulikuwa kuifikisha Los Angeles, umbali wa takriban kilomita 14, ili wakazi wa Pasadena waingie mjini bila kukutana na farasi wala treni. Nauli ya kupita ilikuwa senti 10. Lakini zilijengwa kilomita 2 tu hivi. Njia haikufika ilikokusudiwa kufika, watu hawakuwa na sababu ya kuilipia, na baada ya miaka michache mbao zake zikabomolewa. Somo hilo la kipande kisichofika limejirudia mahali pengi.

Je, wajua kwamba mji unaweza kuwa na njia nzuri za baiskeli na bado watu wasizitumie?

Stevenage, kaskazini ya London, ulitangazwa mwaka 1946 kuwa mji mpya wa kwanza wa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mhandisi wake mkuu, Eric Claxton, alikuwa mpenzi wa baiskeli. Alisimamia ujenzi wa mtandao wa njia pana za baiskeli na miguu, zilizotengwa na barabara za magari na kupita chini yake kwenye makutano. Kutoka makazi hadi viwandani na madukani, mtu aliweza kuendesha bila kukatiza barabara kuu hata mara moja. Wageni walitoka nchi mbalimbali kuja kuuona.

Lakini barabara za magari za Stevenage nazo zilikuwa pana na nyoofu, na maegesho yalikuwa tele. Kila aliyepata gari aliona hakuna haja ya kukanyaga pedali. Uendeshaji wa baiskeli ukashuka hadi kukaribiana na ule wa miji mingine ya Uingereza isiyo na njia kabisa. Milton Keynes, mji mpya mwingine wa nchi hiyo, uliokuja baadaye na njia zake nyekundu za mamia ya kilomita, ulipata matokeo yanayofanana na hayo.

Je, wajua kwamba kuna mji ambao baiskeli inakata moja kwa moja na gari ndilo linalozunguka?

Huo ni Houten, karibu na Utrecht nchini Uholanzi. Katika miaka ya 1960 kilikuwa kijiji cha watu elfu chache kilipochaguliwa kupokea wakazi wapya. Mpangaji Rob Derks aliuchora mji kwa kuanzia na njia ya baiskeli. Kutoka kila kitongoji, njia za miguu na baiskeli zinaelekea katikati, penye kituo cha treni, maduka na ofisi za halmashauri. Shule nyingi za msingi zimepangwa kando ya njia hizo, ili mtoto aende mwenyewe.

Gari halikukatazwa. Linafika hadi mlango wa kila nyumba. Ila likitaka kutoka kitongoji kimoja kwenda cha pili, lazima litoke hadi barabara inayouzunguka mji, lipite huko nje, kisha liingie tena upande wa pili. Mwenye baiskeli amefika zamani. Pale ambapo magari na baiskeli vinatumia mtaa mmoja, gari ni mgeni na linafuata mwendo wa mwenyeji.

Leo Houten una wakazi wapatao 50,000, na umetunukiwa heshima ya mji bora wa baiskeli Uholanzi mwaka 2008 na tena 2018. Uuweke kando ya Stevenage, utaona tofauti iko wapi. Miji yote miwili ilijenga njia nzuri. Houten pekee ndio uliohakikisha kwamba njia ya kwenda mjini kwa baiskeli ni fupi kuliko ya gari.

Je, wajua kwamba Waholanzi nao walilazimika kupigania njia hizi?

Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchini Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kwa maandamano, na vuguvugu lililopewa jina la kutaka mauaji ya watoto yakomeshwe likazaliwa. Uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 uliwaongezea nguvu, kwani serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili na watu wakaona jinsi mitaa inavyoweza kuwa.

Serikali ikajaribu kwanza kwa kujenga njia moja moja ya mfano, katika miji ya The Hague na Tilburg. Njia zilikuwa nzuri, lakini idadi ya waendesha baiskeli katika mji mzima haikupanda sana. Waliokuwa wakiendesha tayari walihamia tu kwenye njia mpya. Ndipo mji wa Delft ukafanya vingine. Kuanzia mpango wa mwaka 1979, uliunganisha njia za ngazi tatu: za mji mzima, za kata, na za mtaa. Njia za mji ziliachana kwa takriban mita 500, za mtaa kwa mita 100 hivi tu. Nyingi ya kazi zilikuwa ndogo: kivuko hapa, daraja fupi pale, kipande cha ukuta kuondolewa ili vichochoro viwili vikutane. Safari za baiskeli ziliongezeka. Mnyororo wa baiskeli ukikatika pingili moja hauzungushi gurudumu, hata kama pingili nyingine zote ni mpya, na mtandao wa njia ni vivyo hivyo.

Je, wajua kwamba mji wa joto kali ulibadilika ndani ya miaka michache?

Wengi husema baiskeli ni za nchi za baridi. Sevilla, kusini mwa Hispania, kiangazi chake hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Kabla ya mwaka 2006 safari za baiskeli mjini humo hazikufika hata asilimia 1. Halmashauri ikaamua kutojenga kipande leo na kipande mwaka ujao. Kati ya 2006 na 2007 ikajenga takriban kilomita 80 kwa mkupuo, zote zikiwa zimeungana, na baadaye ikaufikisha mtandao kwenye kilomita 120 hivi.

Nafasi ilipatikana kwa kuondoa maegesho ya magari kwa maelfu na kupunguza upana wa barabara. Njia zilipakwa rangi ya kijani na kutengwa kwa kizuizi, ili bibi na mjukuu wake wasipite bega kwa bega na lori. Kufikia mwaka 2010 baiskeli zilikuwa zimeshika zaidi ya asilimia 5 ya safari, na waendeshaji kwa siku walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wakazi wa Sevilla ni walewale, jua ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba njia sasa inamtoa mtu mlangoni na kumfikisha.

Je, wajua kwamba Bogotá uliwatengenezea njia watembeaji huku barabara ya magari ikibaki tope?

Enrique Peñalosa alipokuwa meya wa mji huo mkuu wa Kolombia, kuanzia 1998 hadi 2000, vitongoji vya kipato cha chini vya kusini-magharibi havikuwa na lami. Badala ya kuanza na lami ya magari, utawala wake ulijenga El Porvenir, njia pana ya miguu na baiskeli yenye urefu wa zaidi ya kilomita 15, ikipita katikati ya makazi hayo, na taa na miti kandoni. Pembeni yake magari machache yaliendelea kupita kwenye vumbi na tope.

Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Wengi wa wakazi hawakuwa na gari, basi fedha ya umma ianze na walio wengi. Mji huo pia, tangu mwaka 1974, hufunga barabara zake kubwa siku za Jumapili na sikukuu hadi saa nane mchana, ili watu watembee na kuendesha baiskeli kwa uhuru. Barabara hizo zina urefu wa zaidi ya kilomita 100.

Je, wajua kwamba kazi iliyoanzia Dar es Salaam ilishinda tuzo ya dunia?

Mwaka 2019, programu ya kuboresha njia za watoto kwenda shule, inayoendeshwa na shirika la Amend, ilipata tuzo ya kwanza kabisa ya miji ya taasisi ya WRI, iitwayo Ross. Programu hiyo huchagua shule za msingi zenye ajali nyingi, hufuatilia watoto wanapita wapi, kisha hujenga vitu vya kawaida kabisa: njia ya miguu iliyotengwa, matuta, kivuko cha zebra, vigingi vya kuzuia magari kupanda njia ya miguu, na wakati mwingine geti jipya la shule upande usio na barabara kuu. Utafiti uliolinganisha shule zilizotengenezewa na zile ambazo bado ulionyesha majeruhi wamepungua kwa zaidi ya robo. Hakuna teknolojia ngumu hapo. Kuna mtu aliyeangalia miguu ya mtoto inapita wapi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Dar es Salaam ulikuwa mji wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu, kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, Gerezani na Morocco. Kando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa pia njia za miguu na za baiskeli. Hilo ni jambo la kujivunia, na linastahili kukamilishwa. Abiria wa mwendokasi anatoka uswahilini kwa kuruka mtaro na kupenya katikati ya magari kabla hajafika kwenye hiyo lami safi. Njia yake haianzii kituoni. Inaanzia kwenye kizingiti cha nyumba yake.

Je, wajua kwamba Nairobi ina sera ya kutenga fungu la watembeaji?

Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikilenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwenye njia za miguu na baiskeli. Sera ya namna hii inampa mwananchi kipimo cha kuwauliza viongozi wake kila bajeti inaposomwa. Kigali nao, tangu 2016, huwa na siku ya mji bila magari, na mtaa mmoja wa katikati ya mji uliofungiwa magari ulitengenezwa upya kuwa uwanja wa watembeaji, ukiwa na viti, miti na sehemu za watoto kuchezea.

Je, wajua kwamba daraja la juu si rafiki wa mtembeaji kila wakati?

Lori linahitaji mita 5 au zaidi ili lipite chini ya daraja. Maana yake ni kwamba mwenye miguu, mjamzito, mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye ndoo kichwani, ndiye anayepandishwa kimo cha nyumba ya ghorofa moja na nusu na kushushwa tena ili dereva asiguse breki. Ndiyo sababu watu wengi hupita chini na kuhatarisha maisha. Mjini, kivuko kilichoinuliwa usawa wa njia ya miguu kinafaa zaidi, kwa kuwa gari ndilo linalopanda na kushuka, na hivyo linapunguza mwendo.

Mwendo ndio roho ya jambo. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Hesabu nyingine inahusu muda. Mtu mwenye afya huvuka takriban mita 1.2 kwa sekunde, hivyo barabara ya mita 14 humchukua sekunde 12. Mzee mwenye mkongojo anaweza kuhitaji 17 au zaidi. Taa ikiwekwa kwa kipimo cha kijana, mzee anabaki katikati. Kisiwa cha kupumzikia katikati ya barabara kinagawa safari yake mara mbili.

Je, wajua kwamba mti ni sehemu ya barabara?

Medellín, mji mwingine wa Kolombia, kuanzia mwaka 2016 ulipanda miti na mimea kwenye njia 30 za kijani, za barabarani na za kandokando ya mito yake, na joto la maeneo hayo likashuka kwa takriban nyuzi 2. Kwetu, mwarobaini na mwembe vinafanya kazi hiyo tangu zamani. Mhandisi anayekata mti ili kupanua njia ya miguu amempa mtembeaji upana na kumnyang'anya njia yenyewe, kwa kuwa saa saba mchana hakuna atakayeipita.

Upana nao una kipimo. Viti viwili vya magurudumu vinahitaji mita 1.8 kupishana. Baiskeli za upande mmoja zinataka mita 2 ili mwenye haraka ampite aliyebeba mkaa. Nguzo ya umeme au meza ya mchuuzi ikisimama katikati, kipimo kinachohesabika ni kile kilichobaki. Jibu si kumfukuza mchuuzi, kwani watembeaji ndio wateja wake. Apangiwe sehemu yake kwenye mchoro tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba kuna mji wenye ramani ya dakika za kutembea?

Pontevedra, kaskazini-magharibi ya Hispania, ulianza mwaka 1999 kuwarudishia watembeaji katikati ya mji. Baadaye ukachora ramani iliyofanana na ile ya treni za chini ya ardhi, lakini kila mstari ni njia ya miguu na kila kituo kina dakika: kutoka soko hadi stendi, kutoka hospitali hadi uwanja. Watu waligundua kwamba sehemu nyingi walizozifikia kwa gari ziko umbali wa dakika 10 au 15. Kwa baiskeli ya mwendo wa kawaida, kilomita 5 ni kama dakika 20. Katika miji yetu, foleni ya asubuhi inakula zaidi ya hapo kwa umbali huohuo.

Je, wajua nani wa kumwuliza?

Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Mtaro uliokatiza njia ya mtaani kwako, kwa kawaida, ni wa TARURA, na ombi hupitia mkutano wa mtaa na diwani. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inampa mwananchi haki ya kushiriki katika maamuzi, na bajeti ya kaunti haipiti bila kikao cha kusikiliza maoni yake.

Basi tembea na majirani kutoka nyumbani hadi sokoni, mkiangalia mahali njia inapokatika. Msiombe njia nzuri kwa jumla, kwani ombi la jumla hupata jibu la jumla. Tajeni kipande: kivuko mbele ya shule, kalavati la mita 3 juu ya mtaro, taa mbili kwenye kichochoro cha nyuma ya soko. Elezeni kinaunganisha nini na nini, na watu gani wanapita hapo. Halafu hakikisheni jambo hilo limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na kikao kijacho mfungue muhtasari huo na kuuliza limefikia wapi. Delft ulijengwa kwa vipande vidogo vya namna hiyo, na hata mitaa yetu inaweza.